Matakia Mawili ya Mbele

Kasese, 8 Februari 2015

Kaka yangu Kathembo,

Nakusalimu wewe na mama, na Rehemah jirani yenu, maana nasikia yeye ndiye anayekusaidia kumwogesha mama siku hizi. Mungu amlipe. Huku kwetu wazima. Robinah ameingia darasa la pili na meno yake ya mbele yameng'oka, akicheka utadhani bibi kizee. Nobert anakusalimu pia. Najua utasema nimemtungia salamu, lakini amekusalimu.

Simu zangu huzipokei tangu Krismasi, basi naandika. Barua hii anakuletea Jean-Bosco, dereva wa lori la saruji ambaye kila wiki anakwama hapo Mpondwe akingoja karatasi za forodha. Ana maneno mengi, lakini mkono wake msafi.

Sasa jambo lenyewe. Nobert ameacha kazi ya kupima samaki mwaloni, pale wavuvi wanaposhushia. Yule Mzungu aliyekuwa anahesabu viboko Katunguru amerudi kwao na amemwachia mashua yake ndogo ya tanga. Siku hizi inakwenda kwa injini, tanga ni la kupigwa picha tu, lakini ina kichumba ndani, unainama kuingia, na viti pande zote. Hoteli moja ya kule imesema itampa wageni kuanzia Julai, ila kwanza meneja wao aje aone kama ndani panakalika. Kaka, hapakaliki. Matakia yamepasuka, sponji imegeuka unga wa njano, ukikaa unatoka kwenye mishono, na harufu yake ni ya ukungu. Yapo marefu mawili ya pembeni, na mawili ya mbele yenye umbo la ajabu, mapana upande mmoja na upande wa pili yamechongoka kufuata mashua. Nimefumua maganda yote manne, yamo ndani ya gunia hili.

Wewe ndiye fundi wa viti ninayemjua. Meneja akikataa, sisi hatuna mwaloni wala majini. Naomba yawe tayari mwezi wa sita.

Mwambie mama nitakuja.

Mdogo wako, Medius


Bwera, 26 Februari 2015

Medius,

Salamu zimefika, na za Nobert nimezipokea hivyohivyo zilivyo. Mama anakula uji, ugali hautaki tena. Mguu wa kushoto haumsikii kabisa. Rehemah anakuja asubuhi kabla ya kufungua duka lake la vitenge, tunamgeuza pamoja, na tena jioni. Mimi mahindi yangu yameoza shambani kwa mvua, lakini hilo si la kukuliza.

Simu siipokei kwa sababu kwenye simu unalia, na mtu akilia mimi sipati nafasi ya kusema. Kwenye barua kila mtu anamaliza neno lake.

Maganda nimeyaona. Yananuka kweli. Mimi nashona viti vya malori na vya teksi, Medius, mashua sijawahi hata kuipanda. Leza, ile ngozi ya bandia ya viti vya lori, haifai majini, chini yake maji yanakaa. Nitatafuta turubai laini. Swali langu ni hili: ni ya kukalia au ya kulalia? Sponji zake si moja. Ya kukalia iwe ngumu, ya kulalia mtu anataka imbembeleze.

Tena maganda yamevutika vibaya, vipimo vyake siviamini. Njoo na vipimo mwenyewe. Teksi ya asubuhi inakufikisha hapa kabla jua halijawa kali, unamwona mama, unanionyesha kwa mikono hayo mambo ya kuchongoka, jioni uko kwako.

Kathembo


Kasese, 17 Machi 2015

Kaka Kathembo,

Pole na kazi, pole na mama, pole na mahindi. Huku mvua imeleta matope mpaka mlangoni. Robinah alikuwa na homa, sasa anaruka.

Vipimo nimekuandikia nyuma ya karatasi hii. Nobert alipima kwa kamba, mimi nikapima kamba kwa rula ya Robinah. Ni ya kukalia tu. Wageni wanakaa, wanapiga picha za tembo, wanashuka. Hakuna anayelala mle. Rangi iwe bluu iliyokolea isionyeshe uchafu, na zipu ziwe upande wa nyuma.

Nampelekea mama sukari, sabuni na shuka mbili nzuri. Shuka ya maua ni yake ya kulalia, usiifiche kwa ajili ya wageni kama ulivyozoea.

Kuja, nitakuja. Wiki hizi mambo yamebana.

Medius


Bwera, 22 Aprili 2015

Medius,

Shuka ya maua ameitandika. Rehemah alimwambia anafanana na bibi harusi, akamjibu kuwa bwana harusi amechelewa sana.

Mambo yamebana. Nimelisoma neno hilo, nikalisoma tena. Mimi pia yamenibana, mpaka cherehani nimeitoa sokoni nikaiweka chumbani kwa mama, kwa sababu siwezi kumwacha peke yake. Wateja wananiletea viti vya malori mpaka kitandani kwake. Kuna kiti cha dereva kimeegemea ukuta tangu juzi, mama anakiambia habari za asubuhi.

Matakia yako nimeyaanza humohumo chumbani. Yale ya mbele nimeyaharibu mara moja. Nilikata kitambaa kama tunavyokata viti vya lori, kipande juu ya kipande, mkasi mmoja. Nilipomaliza yakatoka yote mawili ya upande wa kulia. Hiyo mashua yenu ingekuwa na pua iliyopinda. Mama alicheka mpaka akakohoa, na mimi nilifurahi kuharibu.

Halafu akaniuliza, "Hii vitu ni ya nani?" Nikamwambia ni vya Medius. Akaviangalia. Akasema, "Basi atakuja kuichukua."

Nikarudi kwenye mshono. Jibu ni lako.

Kathembo


Kasese, 9 Mei 2015

Kathembo,

Salamu kwa wote.

Usimwambie mama maneno ya kumfanya anitarajie siku fulani. Hayo si mapenzi, huko ni kunitegea. Matakia atayachukua Jean-Bosco. Ungemwambia hivyohivyo, anachukua Jean-Bosco, basi.

Unadhani mimi nimekaa huku nanenepa. Sina haja ya kukueleza kila kinachotokea ndani ya nyumba yangu. Mtu aliyeolewa hatembei kama kuku, anakotaka na anapotaka. Wewe hujawahi kuoa, hili hulijui.

Meneja anakuja mwishoni mwa Juni. Nobert hasemi kitu kingine, akila matakia, akioga matakia. Tafadhali kaka.

Medius


Bwera, 19 Juni 2015

Medius,

Siku mama alipofariki nilivunja kiapo changu nikapiga simu. Aliipokea Nobert. Akasema uko sokoni, atakuambia. Najua alikuambia, kwa sababu kesho yake asubuhi Jean-Bosco alishusha gunia la mchele na kitambaa cheupe. Mchele ulipikwa. Watu walikula wakauliza mwenye mchele yuko wapi. Nikasema yuko njiani. Tulichelewesha kaburi kwa ajili ya uongo wangu huo, mpaka katekista akaniangalia, nikawaambia washushe.

Rehemah, ambaye si wa damu yetu wala wa kanisa letu, alikaa kwenye mkeka siku zote za matanga.

Matakia yako ni haya, manne. Ya pembeni yana sponji mpya. Ya mbele nimeweka sponji niliyokuwa nayo, ngumu, ya zamani, siku hizi hawaitengenezi. Haitabonyea. Ukalie salama.

Kathembo


Kasese, 11 Agosti 2015

Kaka yangu Kathembo,

Nakusalimu kwa unyenyekevu. Nilikaa na barua yako muda mrefu na kila nilichoanza kuandika nilikichana. Juu ya mazishi sitasema kitu. Unitukane tu, nimekubali.

Lakini nikikaa kimya juu ya kazi yako nitakuwa mwizi. Meneja aliingia, akakaa, akabonyeza kwa kidole, akainuka, akakaa tena upande wa pili. Akauliza fundi yuko Kampala? Nobert akamwambia fundi ni shemeji yangu wa Bwera. Kathembo, alisema shemeji yangu, mbele ya watu, kwa kujivuna. Sasa wageni wanakuja. Tumeezeka jiko. Robinah ana viatu vya kanisani.

Nobert mwenyewe sasa analala Katunguru, ndani ya mashua, kwa sababu pale wanaiba injini. Analala kule mbele, kwenye yale mawili yaliyochongoka, ameyaunganisha. Anasema tangu utoto hajapata mahali palipomnyoosha mgongo namna hiyo. Akija nyumbani anakilalamikia kitanda chetu.

Nina ombi moja, na usikasirike. Vyombo vya mama gawa unavyotaka, shamba ni lako, sina neno. Mimi nataka godoro lake. Lile nililomnunulia kwa mshahara wangu wa kwanza, nikiwa bado nauza katika duka la dawa, nikalipandisha juu ya basi kutoka Kasese nikilishika kamba kwa mkono. Kwetu matandiko ya mama ni ya binti yake. Mpe Jean-Bosco. Nitalilalia mimi na Robinah.

Mdogo wako anayekuomba, Medius


Bwera, 30 Agosti 2015

Medius,

Leo sina salamu. Soma barua hii peke yako, halafu uichome.

Mtoe Nobert mle ndani. Leo, usingoje kesho.

Godoro la mama unalo. Ndiyo sponji ya matakia ya mbele. Baada ya matanga wazee waliniambia nilichome, godoro la mtu aliyeugua hivyo halikai nyumbani. Nililitoa uani, nikaweka mafuta ya taa, nikashika kiberiti, sikuweza. Katikati palikuwa pameharibika, nikapakata kwa kisu nikapatupa. Pande zote mbili zilikuwa nzima kabisa, kwa sababu mama alikuwa mdogo na alilala katikati. Nikaosha kwa sabuni na ndimu, nikaanika siku za jua, nikakata kufuata vipimo vyako. Pembe zilizobaki niliweka kando.

Nakuambia ukweli wote. Niliposhona nilikuwa na hasira. Nilisema moyoni, Medius hakuja kukaa kitandani kwa mama, basi kitanda kimfuate, akae. Nilitaka ukae juu yake miaka mingi bila kujua, na mimi nijue. Hilo nilitaka na silijutii.

Lakini nilikuuliza ni ya kukalia au ya kulalia. Ukaniandikia kwa mkono wako, hakuna anayelala mle. Mzungu akikaa juu ya godoro la mama hakuna kilichoharibika, mama si mama mkwe wake. Nobert ni mkwe. Mkwe kwetu hata mkeka wa mama mkwe hakanyagi, anapita kando, na wewe unaniambia ananyoosha mgongo. 

Yatoe yale mawili. Mwambie yameingia maji, mwambie panya, mwambie chochote. Nitashona mengine mapya wiki hii. Akijua, unajua wazee wa kwao watasema nini.

Simu naogopa, asije akapokea yeye tena.

Kathembo


Kasese, 25 Oktoba 2015

Kathembo,

Nakusalimu kutoka chumba cha kupanga nyuma ya soko. Mlango haufungi vizuri.

Barua yako ilifika upesi sana. Jean-Bosco alisikia kwako kwamba ni ya haraka, na lori lake lilikuwa linapita Katunguru siku hiyo, basi alisimama darajani akamwona Nobert anaosha mashua, akampa. Alifikiri ananisaidia. Nilipomfokea alishangaa. Akaniambia kwa Kiswahili chake cha Kongo, "Lakini madamu, bwana na bibi, si beko mutu moya?"

Nobert aliisoma amekaa palepale.

Alikuja nyumbani mchana, hakuingia. Alisimama nje akaniita kwa jina la baba yetu, binti wa fulani, kama unavyomwita mtu mwenye kesi. Alinirushia barua yako na yale matakia mawili. Aliniuliza kama nilijua. Nikasema sikujua. Akasema, "Ndugu yako amesema hapa, alitaka ukae bila kujua. Kwa hiyo mimi nilikuwa nani katika hayo maneno yenu?" 

Wazee wa kwao Kitswamba walikaa. Walisema mwanamume aliyelala alipolala mama mkwe hawezi tena kumjua binti wa mama huyo, ameshakuwa kama mtoto wa tumbo lile. Walichinja mbuzi wa kumsafisha yeye. Mimi hakuna wa kunisafishia. Robinah amebaki kwao. Wageni wanaendelea kupanda mashua, ameweka mito ya dukani.

Sasa nitakuambia nilichokificha, kwa sababu hakinilindi tena. Siku tulipomzika baba, mama alimzuia Nobert langoni. Alisema bwana asiyekuja kujitambulisha haingii kwenye msiba wangu. Nobert alisimama barabarani mpaka kaburi likafukiwa, watu wakipita wanamwangalia. Siku hiyo aliniambia nikikanyaga tena kwa mama yangu nisirudi kwake. Nilimjua, alikuwa hatanii. Basi nikachagua. Kila ulipoandika njoo, nilikuwa nachagua upya. Siku mama alipokufa nilivaa nguo ya msiba, nikakaa kitandani nimeshika begi, Nobert akanipita akaenda Katunguru, na Robinah akaniuliza kama tunasafiri. Nikavua. Sikukuambia haya kwa sababu ungefurahi kuona nilichokwenda kuolewa nacho.

Kwa hiyo nilimwacha mama afe bila kuniona ili nibaki na mume. Na mume ameniacha kwa sababu ya mama. Wewe mwenye kupenda kila mtu amalize neno lake, nimemaliza.

Ulitaka nikae. Nimekaa. Sina kitanda, nimeyaweka hayo mawili sakafuni, bega kwa bega. Mabegani yananitosha, lakini yanazidi kuchongoka kuelekea chini, na magoti yakipita hakuna kitu tena, miguu yangu inalala kwenye saruji. Uliyakata vizuri sana. Hayawezi kurudi kuwa godoro.

Uliandika kwamba pembe zilizobaki uliziweka kando. Kama bado zipo, nitumie. Sitakuomba kingine.

Medius


Bwera, 14 Novemba 2015

Medius,

Rehemah anakusalimu. Nilimsomea barua yako, akafunga duka mchana kweupe akaenda kwake kulia. Mimi sikulia, nilitoka nikafagia uwanja.

Sikufurahi. Ulinidhania vibaya, ingawa mwezi wa sita ungenidhania sawa.

Nimekwenda Kitswamba kumwona Nobert. Alinisikiliza nikiwa nimesimama, kiti hakunipa. Nilimwambia kosa ni langu lote. Akasema anajua, na kwamba kujua hakubadilishi alipolala.

Chumba cha mama ni kitupu, cherehani nimeirudisha sokoni. Kitanda kipo. Njoo ulale hapo, hakuna atakayekuzuia langoni. Usipotaka, sitakuandikia tena njoo.

Zile pembe zipo. Nilizishona ndani ya ile shuka yake ya maua, zikawa mto, na ndio ninaoulalia. Nimeutoa, nimeuweka mezani, nimetafuta gunia la kumpa Jean-Bosco. Nimeurudisha kitandani kwangu.

Huo sikupi.

Kathembo